Kwetu Kulipofanywa Jela: Historia ya Wafungwa Waliovushwa Bahari



Naomba tuanzie Mombasa, mwezi wa Aprili 1498. Merikebu za Vasco da Gama zimetia nanga nje ya mji. Mfalme wa Mombasa amempelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, lakini da Gama hana hakika kama anakaribishwa au anawindwa. Anahitaji macho ndani ya mji, na hataki kupoteza baharia hata mmoja. Kwa bahati yake, merikebuni ana watu wapatao 10 walioletwa kwa kazi ya namna hii hasa. Ni wahalifu waliohukumiwa Ureno, wakatolewa kifungoni ili watumwe kwenye kila pwani ambayo wengine wangeogopa kuikanyaga. Kwa Kireno waliitwa degredado, yaani mtu aliyehukumiwa kuondolewa kwao. Da Gama akachagua wawili, akawatuma mjini.

Wale wawili walitembezwa mji mzima. Wakafikishwa kwa mfalme, wakipita mlango baada ya mlango, kila mlango na mlinzi wake mwenye upanga. Wakarudi merikebuni na vielelezo vya bidhaa: karafuu, pilipili manga, tangawizi na mtama. Mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, Fernão Lopes de Castanheda, anataja pia kwamba njiani waliona watu waliofungwa pingu za miguu. Hawakujua lugha, kwa hiyo hawakuweza kuwauliza kosa lao. Wafungwa wa Lisbon wakasimama wakatazamana na wafungwa wa Mombasa, kisha kila upande ukaenda zake.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kuwaita wale wawili "wajumbe wa Wareno", na nikawapita haraka ili nifike kwenye habari za mizinga na ngome. Ilinichukua miaka mingi kuona jambo lililokuwa wazi. Kwa macho ya sheria ya Ureno, mji ule wenye misikiti, visima na nyumba za chokaa, ambamo watu walizaliwa, wakaoa na kuzikana, ulikuwa mahali pa kumtumikishia mhalifu adhabu yake.

Hoja yangu jioni hii ni hiyo moja. Historia ya kuwavusha wafungwa bahari imeandikwa zaidi kwa kumfuata aliyepelekwa: kosa lake, minyororo yake, safari yake, kufa kwake au kufanikiwa kwake. Nataka tuitazame tukiwa tumesimama ufukweni. Ili nchi iwe adhabu, lazima kwanza mtu fulani aamue kwamba nchi hiyo ni mbaya, au ni tupu, au ndiyo mwisho wa dunia. Wenyeji wake hawaitwi kwenye kikao hicho.

Wareno waliendelea hivyo hivyo. Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alipopita Malindi aliwaacha wahalifu wawili, João Machado na Luís de Moura, akawaagiza waende kwa miguu bara kumtafuta mfalme wa Kikristo wa Uhabeshi. Hawakufika. Machado akavuka mpaka India, akaingia katika jeshi la mtawala Mwislamu wa Bijapur, na miaka kadhaa baadaye akarudi kwa Wareno huko Goa. Mwingine, seremala António Fernandes, alitoka Sofala kati ya 1511 na 1514 akaingia bara mpaka nchi za Mutapa, akarudi na habari za dhahabu na masoko. Mtu aliyehesabiwa kuwa hafai kuishi Ureno akawa ndiye ramani ya Ureno. Desturi hiyo ilidumu kuliko tunavyodhani: Angola iliendelea kupokea wahalifu wa Kireno hadi karne ya 20.

Hata neno letu "gereza" limepita njia hiyo. Limetoka kwa Wareno, ambao igreja kwao ni kanisa. Ndani ya ngome zao palikuwa na kanisa, wenyeji wakaliita jengo zima kwa jina hilo, na baadaye ngome hizo zikafungiwa watu. Kule Kilwa Kisiwani ngome inaitwa Gereza hadi leo. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa gereza la serikali ya Kiingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kila tunapolitamka neno hilo tunataja kanisa la watu waliotuletea wafungwa wao.

Waingereza ndio walioigeuza adhabu hii kuwa biashara yenye mikataba. Sheria ya Bunge lao ya mwaka 1718 iliruhusu mwizi wa vitu vidogo apelekwe makoloni ya Amerika kwa miaka 7, na aliyeponea kamba ya kunyongea apelekwe kwa miaka 14. Anayerudi kabla ya muda wake, anyongwe. Mfanyabiashara wa London alilipwa na hazina pauni 3, baadaye 5, kwa kila mfungwa aliyemchukua. Akivuka bahari alimuuza tena, au tuseme aliuza miaka yake ya kazi, kwa wakulima wa tumbaku wa Virginia na Maryland. Hivyo mfungwa mmoja aliingiza faida pande mbili za bahari. Kufikia 1775 watu wapatao 50,000 walikuwa wamepita njia hiyo.

Sisi wa pwani hii inatupasa kupima maneno hapa. Wapo wanaosema wafungwa wale walikuwa watumwa weupe. Hapana. Muda wa mfungwa uliandikwa na ulikwisha, na mtoto wake alizaliwa huru. Mwafrika aliyeuzwa gati lile lile hakuwa na muda, na tumbo la mwanamke lilikuwa mali ya bwana. Lakini gati lilikuwa moja, mnunuzi mmoja, na mara nyingi aliyefua pingu ni yule yule. Mambo hayo tutayakuta tena baada ya muda mfupi.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipoufunga mlango huo, majaji wa Uingereza hawakuacha kuhukumu. Wafungwa wakarundikwa katika merikebu kuukuu zilizong'olewa milingoti na kufungwa mtoni Thames, wakashinda mchana kutwa wakichota matope ya mto. Merikebu zikajaa. Ndipo London ilipoelekeza macho Afrika.

Sura hii haisimuliwi mara nyingi, hata katika vitabu vya Waingereza wenyewe. Mwaka 1782 zaidi ya wahalifu 300 walipelekwa Cape Coast, katika nchi tunayoiita leo Ghana, wakiwa askari wa kulinda ngome za biashara ya watumwa dhidi ya Waholanzi. Hebu iwazeni ngome ile. Chini, katika vyumba visivyo na dirisha, Waafrika wanangoja kupakiwa. Juu ukutani, Waingereza waliookolewa na kamba wanashika zamu. Wengi walikufa kwa homa, wengine walitoroka. Kamanda wao mmoja, Kapteni Kenneth Mackenzie, alimfunga askari wake mdomoni mwa mzinga akaamuru mzinga ulipuliwe. Mwaka 1784 mahakama ya London ilimkuta na hatia ya mauaji, na baadaye akasamehewa.

Ukafuata mpango wa Lemain, kisiwa katika mto Gambia, mamia ya maili ndani ya bara. Wafungwa wangeachwa huko peke yao, wajilimie na kujichagulia viongozi, huku merikebu moja ya doria ikilinda mto ili wasitoke. Edmund Burke alisimama Bungeni kuupinga, akijua kwamba kumpeleka mtu kule kulikuwa kumhukumu kifo kwa jina jingine, na kamati ya Bunge ya mwaka 1785 ikaukataa. Ikatumwa merikebu ya Nautilus kupima pwani ya kusini-magharibi, karibu na mto Orange; ikarudi na taarifa kwamba hakuna maji wala miti. Agosti 1786 serikali ikaamua: Botany Bay, Australia.

Nimezisoma hoja za mipango hiyo kwa miaka. Zinazungumzia homa, gharama, maji, na kama mfungwa ataweza kutoroka. Watu wa mto Gambia wanatajwa kama hatari kwa wafungwa. Swali la kama watu hao walitaka wageni wa namna hiyo halikuwa sehemu ya hesabu. Tuliponea kwa sababu nchi zetu zilionekana mbaya mno hata kuwa jela.

Merikebu 11 za msafara wa kwanza ziliondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787. Zikapita Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, na tarehe 26 Januari 1788 bendera ikapandishwa Sydney Cove. Wafungwa walikuwa zaidi ya 700. Kati yao alikuwemo John Hudson, mtoto aliyekuwa akipanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha, aliyehukumiwa akiwa na miaka 9 kwa kuiba nguo na bastola. Walikuwemo pia watu weusi wapatao 10. Mmoja wao, John Caesar, alihukumiwa Kent kwa wizi wa pauni 12 na shilingi 4. Alikuwa mtu wa miraba minne, mchapakazi kuliko wote kwa maelezo ya maofisa wenyewe, lakini alipewa posho ile ile waliyopewa wengine. Njaa ikamfanya aibe chakula. Akakimbilia msituni, akarudishwa, akakimbia tena. Ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza wa wale majangili wa porini ambao Australia inawaimba mpaka leo. Gavana alitangaza zawadi ya galoni 5 za pombe kali kwa atakayemkamata, na Februari 1796 akapigwa risasi akafa.

Msafara wa pili ndio unaonifanya nisimame. Kandarasi yake ilipewa Camden, Calvert & King, kampuni ya London iliyozoea kusafirisha Waafrika kwenda utumwani. Mkataba ulisema italipwa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Naomba mlishike neno hilo: aliyepakiwa. Hakuna sharti la kumfikisha. Mfungwa akifa njiani malipo hayapungui, na chakula chake kilichobaki kinaweza kuuzwa Sydney, ambako watu walikuwa wakifa njaa na wangelipa bei yoyote.

Pingu zilikuwa za merikebu za watumwa. Kapteni William Hill, ofisa aliyesafiri na msafara huo, aliandika barua akizieleza. Katikati ya kifundo na kifundo kulikuwa na chuma kifupi kilichonyooka, kiasi cha shubiri moja. Nyosheni kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa nayo mtu kati ya mguu na mguu, kwa miezi, katika merikebu inayoyumba. Kwa mnyororo wa kawaida mfungwa huweza walau kupiga hatua fupi. Kwa chuma kile, asingeweza kusogeza mguu zaidi ya inchi moja au mbili bila kujivunja. Maji ya bahari yalipoingia, walikaa ndani yake. Aliyekufa alifichwa na wenzake aliofungwa nao, wakakaa na maiti ili waendelee kupokea posho yake.

Waliopakiwa walikuwa zaidi ya 1,000. Karibu robo walikufa kabla ya kufika, na katika merikebu ya Neptune peke yake walikufa zaidi ya 150. Walipofika Sydney mwaka 1790 wengi walishushwa kwa kubebwa, na wengine walikufa pale pale walipopigwa na hewa safi.

Hill aliandika kwamba biashara ya watumwa ilikuwa na huruma kuliko ile, kwa kuwa mwenye watumwa alipata hasara kila mmoja alipokufa. Mjukuu wa pwani hii hawezi kuipokea kauli hiyo. Bahari kati yetu na Amerika ina mifupa ya kutosha kuikanusha. Lakini alichokiona kuhusu malipo kilikuwa kweli. Baadaye mikataba ilibadilishwa, malipo yakafungamanishwa na mfungwa aliyeshuka hai, na kuanzia 1815 kila merikebu ikawekewa daktari mwenye madaraka. Vifo vikashuka hadi karibu mmoja katika kila mia. Bahari ilikuwa ile ile, na merikebu hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni sentensi moja kwenye mkataba. Wanafunzi wangu wa sheria, mkiitwa siku moja kuandika mkataba unaohusu miili ya watu, nawasihi mkumbuke pauni 17, shilingi 7 na peni 6.

Mpaka adhabu hii ilipokoma mwaka 1868, takriban watu 162,000 walikuwa wamepelekwa Australia, wanawake kati yao wapatao 25,000. Wengi waligawiwa kwa walowezi wawafanyie kazi shambani na jikoni. Aliyetulia alipewa cheti cha ruhusa, akajitafutia riziki ndani ya wilaya. Aliyekaidi alionja mjeledi, au akapelekwa visiwa vya adhabu ndani ya adhabu kama Norfolk. Wapo waliofungwa kwa kosa ambalo leo halipo: wafanyakazi sita wa mashamba kutoka Tolpuddle walihukumiwa miaka 7 mwaka 1834 kwa sababu ya kiapo cha chama chao cha wafanyakazi. Wapo walioinuka, na lazima niseme hivyo kwa haki. William Blue, mtu mweusi aliyehukumiwa kwa wizi wa sukari, alifungua kivuko cha mashua katika bandari ya Sydney, na rasi aliyokuwa akiondokea inaitwa Blues Point hadi leo.

Katika jumba la makumbusho la taifa huko Canberra kuna sarafu za shaba zaidi ya 300. Wafungwa walizisugua mpaka sura ya mfalme ikafutika, kisha kwa ncha ya msumari au sindano, nukta kwa nukta, wakachonga majina, tarehe na miaka ya hukumu, wakawaachia mama zao na wapenzi wao. Nyingine zina ndege, mioyo, mtu mwenye minyororo. Wengi walijua hawarudi, kwa kuwa baada ya kifungo kwisha hakuna aliyewalipia nauli.

Sasa turudi ufukweni. Pale bendera ilipopandishwa palikuwa kwa watu wa Gadigal. Wafungwa na walinzi wao walikata miti yao na kuvua samaki wao kwa nyavu zilizozoa bandari nzima. Mwaka 1789 ndui ikaingia, na maiti zikaonekana mapangoni na kando ya maji pande zote za bandari. Sheria ya Kiingereza iliihesabu nchi ile kuwa haina mwenyewe. Baadaye wenyeji nao wakaonjeshwa adhabu hiyo hiyo. Huko magharibi, kuanzia 1838, waliokamatwa kwa kuchinja kondoo wa walowezi walivushwa hadi kisiwa cha Wadjemup, ambacho walowezi walikiita Rottnest. Karibu wanaume na wavulana 3,700 walifungwa pale hadi mwaka 1931, na watu wasiopungua 370 wamezikwa kisiwani. Makaburi hayo yaligeuzwa uwanja wa mahema ya watalii kwa miaka mingi.

Ufaransa ilijifunza kwa Uingereza. Guiana yake ilikuwa jela ya wafungwa kuanzia 1852 hadi 1953, kwa sheria iliyomtaka aliyehukumiwa chini ya miaka 8 akae koloni kwa muda ule ule tena baada ya kumaliza kifungo, na aliyefikia hapo au kuzidi asirudi kabisa. Lakini kwangu mimi Kaledonia Mpya ndiyo inayouma zaidi. Wafaransa walipeleka huko, pamoja na wahalifu wao, Waalgeria waliosimama dhidi ya ukoloni mwaka 1871. Mwaka 1878 wenyeji wa kisiwa, Wakanak, wakainuka chini ya Ataï kutetea mashamba yao yaliyokanyagwa na ng'ombe wa walowezi. Baadhi ya Waalgeria wale, kwa tumaini la kusamehewa, walichukua silaha upande wa Wafaransa. Siwalaumu nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mto. Walinyang'anywa nchi, wakapelekwa kwenye nchi ya wengine, wakaonyeshwa kwamba njia ya kurudi kwao inapita juu ya watu wale. Wazao wao bado wanaishi karibu na Bourail, penye mitende iliyoota kutokana na kokwa za tende za kwao.

Na Afrika Mashariki? Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikamatwa mwaka 1899, wakapelekwa Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafa Jinja kabla hajafika Bunyoro. Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar alikamatwa Dar es Salaam mwaka 1916, akaonja Ushelisheli na Saint Helena kabla ya kuishia Mombasa. Hakuna mahakama iliyowakuta hawa na hatia, kwa hiyo siwahesabu pamoja na wafungwa. Nawataja kwa sababu chombo kilikuwa kile kile: bahari kama ukuta.

Adhabu hii ilikoma kwa njia inayofundisha. Magereza mapya ya Uingereza yalichangia, na dhahabu iliyogunduliwa Australia mwaka 1851 ilichangia pia, kwani nani angeogopa kupelekwa bure mahali ambapo wengine walilipa nauli kufika? Lakini nguvu kubwa ilikuwa walowezi kukataa kupokea. New South Wales ilifunga mlango mwaka 1840, Van Diemen's Land mwaka 1853, kisha ikabadilisha na jina ikaitwa Tasmania.

Kukataa kwenye kishindo kuliko kote kulitokea Afrika. Septemba 1849 merikebu yenye wafungwa 282 kutoka Bermuda ilitia nanga karibu na Cape Town. Nayo iliitwa Neptune, ingawa si ile ya msafara wa pili. Wakazi walikataa isishushe mtu. Wauza nyama wakagoma kuiuzia serikali, waoka mikate wakagoma, na aliyeonekana kukubali biashara hiyo alitengwa na jirani zake. Miezi mitano merikebu ilingoja. Februari 1850 ikang'oa nanga kwenda Van Diemen's Land. Barabara kuu ya Cape Town, Adderley Street, ilipewa jina la mbunge wa London aliyewaunga mkono.

Kila ninapowafundisha wanafunzi habari hiyo hufurahi: hatimaye, nchi iliulizwa, ikasema hapana. Huwaomba wangoje. Waliosema hapana walikuwa walowezi, na miaka mingi kabla ya kukataa wafungwa wa wengine, mahakama za koloni lao zilikuwa zikipeleka watu ng'ambo. Miongoni mwa waliopelekwa walikuwemo wenye nchi.

Siku hizi serikali tajiri zimeanza tena kutafuta nchi ya kupeleka watu. Mwaka 2022 Uingereza iliingia mkataba na Rwanda kupokea waomba hifadhi, watu wasio na kosa la jinai. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaukataa mpango huo mwaka 2023, na mwaka uliofuata ukafutwa. Julai 2025 Marekani ilipeleka Sudan Kusini na Eswatini watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa, wengi wao wasio raia wa nchi hizo. Nchi hizo zina bendera na bunge, tofauti na Lemain ya 1785. Nawaachia wanasheria swali la mikataba. Mimi ni mwanahistoria, na nikisikia kiongozi wa ng'ambo akitaja jina la nchi ya Kiafrika kama tishio kwa mtu aliyekosa, najua sauti hiyo nimeisoma wapi.

Nimemweka mtu mmoja hadi mwisho. Dawid Stuurman alikuwa kiongozi wa Wakhoikhoi wa bonde la mto Gamtoos, mashariki ya koloni la Rasi (Cape), Afrika Kusini. Alikuwa miongoni mwa waliopigana na walowezi katika vita vya 1799. Mwaka 1809 alikamatwa akapelekwa Robben Island, na mwezi Desemba akatoroka kwa mashua, akakimbilia kwa Waxhosa. Mwaka 1819 akakamatwa tena, akarudishwa kisiwani. Agosti 1820 wafungwa wakateka mashua wakakimbia. Mawimbi yakazipindua, na Makhanda, nabii wa Waxhosa, akafa maji. Viongozi wengine wa utoro ule walinyongwa. Stuurman aliponea kwa sababu wakati wa ghasia alimwokoa msimamizi asiuawe. Adhabu yake ikawa New South Wales. Alifikishwa Sydney mwaka 1823.

Nyumbani, watoto wake walibaki wakiomba arudishwe. Mshairi Thomas Pringle aliipigania kesi yake kwa kalamu. Kaimu gavana wa Rasi, Richard Bourke, aliandika kumwombea. Mwaka 1829 Stuurman alipewa cheti cha ruhusa, cha kujitafutia riziki Sydney, si cha kurudi Gamtoos. Akafa mwaka 1830. Mwaka uliofuata Bourke yule yule aliwasili Sydney akiwa gavana mpya, mwenye mamlaka ya kumwachilia.

Alizikwa katika makaburi ya Devonshire Street. Mwanzoni mwa karne ya 20 makaburi yalihamishwa, ikajengwa stesheni kuu ya reli ya Sydney. Mifupa yake haikupatikana. Mwaka 2017 ujumbe kutoka Rasi ya Mashariki ulivuka bahari ile ile kwenda kuichukua roho yake, kwa desturi za watu wake, na kuirudisha nyumbani. Mwaka 2021 uwanja wa ndege wa Gqeberha ulipewa jina la Chifu Dawid Stuurman. Kutoka hapo hadi mto Gamtoos ni mwendo usiofika saa moja kwa gari.